Profesa Niliyemtoa Kwenye Pampu ya Maji

Nimekosa. Nalisema hili mwanzoni kwa sababu najijua: nikianza na maelezo nitajitetea, nikijitetea mtanihurumia, na huruma yenu sijaistahili.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Mpanda, upande wa Majengo. Jina langu naomba libaki kwangu. Naogopa kufukuzwa kazi, sitaficha. Naogopa na mvua pia. Ikianza kugonga bati nikiwa darasani chaki inanitoka mkononi, na wanafunzi wangu wameshazoea kuniokotea. Wanadhani mwalimu wao anaogopa radi.

Kilichonifikisha hapa ni kazi ya kikundi ya chuoni. Ndiyo, kazi ya kikundi! Msicheke kwanza.

Ni miaka minne sasa. Nilikuwa mwaka wa mwisho chuo cha ualimu. Mkufunzi wetu wa saikolojia, mzee mpole ila bahili wa alama, alitugawa vikundi sita. Kila kikundi kichague mwanasaikolojia mmoja wa zamani, kichunguze maisha yake na mafundisho yake, kisha kije kumweleza mbele ya darasa. Sharti lilikuwa moja tu: mtaalamu akishachukuliwa na kikundi kimoja, kingine hakimgusi.

Sasa sikilizeni. Maktaba yetu ilikuwa kabati moja lenye kufuli. Kitabu cha saikolojia kilikuwa kimoja, na ndani yake walikuwa wamebaki wataalamu watano, wengine walikwishachanwa na wanachuo waliotutangulia. Vikundi sita, wataalamu watano.

Siku ya kuchagua, kikundi chetu kilikuwa na zamu ya kuni. Tuliporudi na mizigo kichwani tukakuta ubao umejaa. Yule Mrusi wa mbwa na kengele, kachukuliwa. Yule wa ndoto, kachukuliwa. Yule aliyekuwa anawatazama wanawe wakicheza huku akiandika, naye ana wenyewe.

Katika kikundi chetu alikuwepo kijana mmoja, nitamwita Nestori. Wazazi wake ni wakulima waliotoka Burundi zamani, na yeye ndiye wa kwanza kwao kufika chuo. Nestori alikuwa na tabia ya kushika kitabu kwa mikono miwili, kama mtu anayepokea chakula kwa mkubwa. Ndiye aliyesema neno la maana siku ile.

"Twende kwa mkufunzi," alisema. "Tumwambie tulikuwa kwenye kuni. Atatuunganisha na kikundi kingine."

Mimi nilikuwa katibu wa kikundi, na nilikuwa na maringo. Kuunganishwa na wengine niliona ni kwenda kula kwa jirani. Nikawaambia tulieni, mimi nina kaka Tabora, ana kitabu kinene chenye wanasaikolojia wote wa dunia. Nitamwandikia, atakituma kwa treni.

Kaka ninaye kweli. Kitabu nilikuwa sijawahi kukiona, nilisikia tu anakitaja.

Shida ikawa kwamba mkufunzi alitaka jina la mtaalamu wetu Ijumaa ile ile. Ijumaa asubuhi nilikuwa kwenye foleni ya maji pale pampu ya mkono nyuma ya bweni, ndoo mbele yangu, kichwa kitupu. Kwenye shingo ya pampu kulikuwa na kibati chenye jina la walioitengeneza, limechakaa nusu. Nikalisoma: Haldenbek. Mchana nikaenda ofisini nikasema, "Kikundi cha sita, Profesa Haldenbek, Mjerumani." Mkufunzi akaandika bila hata kuinua macho.

Nilijiambia ni kwa muda tu. Kitabu kikifika nitamwendea tena, niseme tumebadilisha.

Kitabu hakikufika. Masika yalikuja kwa hasira mwaka ule, tuta la reli likakatika kule kwenye mabwawa ya Ugalla, treni ikakwama wiki baada ya wiki. Nilikuwa nakwenda stesheni kila jioni kuuliza, mpaka karani wa pale akawa ananijibu kwa kutikisa kichwa kabla sijamsalimia. Siku ya kuwasilisha ikabaki wiki moja.

Hapo ndipo nilipokaa kitandani na daftari nikamzaa profesa. Nilimpa baba fundi cherehani. Nikampa mke, nikampa binti mdogo anayeogopa mbwa. Nikampa hata ugonjwa wa kifua, ili afe mapema asije akaulizwa maswali. Na nikampa mafundisho. Niliandika kwamba hofu ya mtoto ni kama maji ndani ya mtungi, ukimwaga kidogo kidogo hayaishi, inabidi uinamishe mtungi wote. Mtoto anayeogopa kitu, mfungie na kitu hicho. Atalia, mwache. Na mwisho nikaandika sentensi niliyoipigia mstari kwa wino mwekundu: mtoto akinyamaza, hofu imeisha.

Mnajua niliitoa wapi sentensi ile? Nyumbani. Sisi wote tumelelewa hivyo. Mtoto analia, mkubwa anasema nyamaza. Mtoto akinyamaza mkubwa anarudi kwenye shughuli zake, roho yake nyeupe. Nilichukua tabia yetu ya jikoni nikaivisha tai ya Kijerumani, ndiyo maana hakuna aliyeshtuka.

Mkufunzi ndiye alifurahi kuliko wote. Alisimama mbele ya darasa akasema, "Mnaona? Wenzenu wamevuka kitabu." Tukapata alama za juu kuliko vikundi vyote. Halafu akaniomba karatasi zangu, akaziingiza kwenye notsi zake za kufundishia, akaniambia kitabu cha kaka yangu kikifika nimpelekee akione.

Kuanzia siku ile sikulala vizuri. Mkufunzi alikuwa ananawa mikono pale pale kwenye pampu kila mchana kabla ya kula! Namwona anainama, uso wake uko kiganja kimoja tu kutoka kwenye kile kibati. Nilikuwa natangulia kwenda kukipaka tope. Linakauka, linabanduka, napaka tena. Wenzangu wakaanza kuniita Bibi Afya, wakidhani nasafisha pampu.

Ungekuwa uongo wa alama tu, labda leo ningekuwa naucheka.

Ukaja muda wa mazoezi ya kufundisha. Mimi na Nestori tukapangwa shule moja upande wa Usevya, kwenye mashamba ya mpunga, huko ambako mvua inatokea mbugani na unaiona inatembea kuja. Tukapewa darasa la pili. Humo ndani alikuwemo mtoto mmoja, nitamwita Salome.

Salome alikuwa na miaka minane na mdomo wa kuuza. Anajibu hata asichoulizwa. Lakini wingu likisimama tu upande wa mbugani, sura inamgeuka. Tone la kwanza likigonga bati la darasa, anapita dirishani, madirisha yenyewe yalikuwa matundu matupu, anakimbilia kwao huku analia. Baba yake aliuawa na radi shambani, Salome mwenyewe akiwa pale pale anamfukuzia ndege. Kwao walilala nyumba ya nyasi, mvua ikinyesha huisikii. Bati, kwa mshindo wake, ndilo lililokuwa linamrudisha pale shambani.

Nestori alimpenda yule mtoto. Alikuwa anamfuata kwenye mvua, anamrudishia daftari lake limelowa. Na alikuwa ameyaweka mafundisho ya profesa kwenye daftari lake, kwa mwandiko mzuri.

Siku moja asubuhi wingu likasimama. Tulikuwa ofisini, mimi nasahihisha hesabu, mwalimu mkuu yupo anaandika kwenye jalada. Wiki ile ile mkufunzi alitarajiwa kuja kutukagua. Nestori akaja mezani kwangu, ameshika daftari kwa mikono miwili.

"Katibu," alisema. Hata huko alikuwa ananiita hivyo. "Nataka nimsaidie Salome. Stoo ya majembe ina bati. Nimekaa nafikiri, lakini sijaona mahali profesa alipotaja muda. Mtoto anakaa humo muda gani?"

Ndugu zangu, hapo ndipo ningeweza. Ningemwambia twende nje mara moja. Ningemwambia acha tu, Nestori, hilo si kwa watoto wa hapa. Uongo wa pili ungeufunika wa kwanza na mtoto angepona! Lakini mwalimu mkuu aliinua kichwa. Nilimwona anasikiliza. Nikahisi cheti changu chote kiko kwenye ulimi.

Nikasema, "Mpaka anyamaze."

Nilirudi kwenye hesabu. Nilisahihisha madaftari matatu na sikumbuki hata jibu moja.

Mvua ilipiga. Katikati ya ile kelele ya bati nikasikia sauti ya Salome kutoka stoo. Kwanza alikuwa anamwita mwalimu. Baadaye akawa anamwita baba yake. Nestori alikuwa amesimama nje ya mlango, mvua inamnyea, machozi yanamtoka, na mkono wake uko kwenye komeo. Alinitazama kwa mbali kupitia mlango wa ofisi. Nadhani alikuwa anangoja nitikise kichwa ili afungue. Mimi niliinamisha changu.

Kisha sauti ikakatika.

Mvua ilikuwa bado inanyesha, na nilijua. Sijui niwaelezeje. Nilijua tu kwamba kule ndani hakuna mtu aliyepona. Lakini Nestori alikuja mbio ofisini, ameloa chapachapa, anacheka na kulia. "Umesikia, Katibu? Amenyamaza. Imekubali."

Tulipofungua tulimkuta ameketi nyuma ya majembe, sketi imelowa, macho wazi. Hakututazama. Nestori alimfuta uso kwa leso yake, akamshika mkono, naye akafuata.

Kesho yake ikanyesha tena na Salome hakuruka dirishani. Alikaa. Mwalimu mkuu akasifu. Mkufunzi alipokuja siku mbili baadaye, akasimuliwa, akampa Nestori alama ya juu akasema huko ndiko kuyaweka mafunzo katika vitendo. Niliyeona ni mimi. Nilikuwa naita majina asubuhi nikaona Salome haitikii. Namwita, ananyoosha kidole. Siku ya tatu, kidole. Wiki ya pili, kidole. Yule mtoto wa mdomo wa kuuza.

Bibi yake alikuja Jumatatu moja, kajifunga kitenge kiunoni, mjukuu kamshika mkono. Ni bibi wa makamo ya kuchoka, mkono wake mgumu wa jembe. Tulimsalimia, akaitikia, akakaa.

"Walimu, nyie ndio mnakaa naye mchana," alisema. "Nimempeleka kanisani, nimempeleka zahanati. Wanasema koo ni zima. Alipatwa na nini hapa?"

Nestori hakuficha hata kidogo. Alipiga magoti mbele yake akasema, "Bibi, ni mimi nilimfungia. Nilifuata mafundisho ya profesa mmoja mzungu. Nilijua namponya."

Nilingoja bibi apige kelele. Nilitamani apige kelele. Yeye akauliza kitu ambacho hakuna kati yetu aliyekitegemea.

"Huyo mzungu yuko wapi?"

Nestori akanitazama mimi. "Katibu ndiye anamjua."

"Basi mwanangu," bibi akanigeukia, "mwandikie. Mwambie dawa yake imezidi. Aliyejua kuifunga sauti lazima anajua na kuifungua."

Na mimi, Mungu anione, nilisema, "Sawa bibi, nitamwandikia."

Sikuwa nimesahau kwamba nilimuua kwa kifua kwenye karatasi, ukurasa ambao siku ya kuwasilisha niliuruka, ndiyo maana Nestori alidhani yu hai. Nilisema tu, maana ilikuwa njia fupi ya kumtoa mle ofisini. Alinishukuru kwa mikono miwili. Salome alikuwa ananiangalia. Sijui watoto wanajuaje, ila yule alijua.

Tulimaliza chuo. Mimi nikapangwa Majengo. Nestori alikwenda kituo chake wiki moja, akarudi, akaacha kazi. Analima Ilembo. Anasema mikono iliyoshika lile komeo haiwezi kushika chaki. Nakutana naye sokoni, ananisalimia kwa heshima, anauliza, "Katibu, hajajibu tu?" Miaka minne anajihesabia dhambi ambayo ni yangu, na mimi naagana naye natafuta nyanya.

Bibi naye hajachoka. Kila baada ya mavuno, lori la mpunga likija mjini kutoka Usevya, dereva ananifikishia salamu. "Bibi wa Salome anauliza, yule mzungu amejibu?" Nami najibu barua za Ulaya zinachelewa. Salome sasa ana miaka kumi na miwili. Dereva anasema anapika, anachota maji, anafukuza ndege shambani kwa kupiga debe. Wenzake wanapiga kelele, yeye anapiga debe.

Ningeendelea hivyo mpaka kufa, siwafichi. Kilichonivunja ni mwezi uliopita.

Shuleni kwetu walikuja wanachuo wa mazoezi. Mmoja, binti mchangamfu, alinifuata wakati wa chai kuhusu mtoto wa darasa la kwanza anayeogopa choo cha shule kwa sababu ya giza. Akaniambia ana njia. Akafungua daftari lake, na pale, kwa wino mwekundu, nikasoma maneno yangu mwenyewe: mtoto akinyamaza, hofu imeisha.

Chai ilinimwagikia mapajani. Nikamuuliza kaitoa wapi. Chuoni, anasema, kwa mkufunzi wa saikolojia, na mwaka wao vikundi viwili viligombea kumchagua Haldenbek.

Safari hii nilisema. Mbele ya walimu wote nilisema, "Mwanangu, huyo profesa hayupo. Nilimtunga mimi. Jina nililitoa kwenye pampu ya maji."

Wakacheka wote. Yule binti alicheka mpaka akashika meza. "Madamu nawe kwa utani! Mtu tumefanyia mtihani."

Nikaapa. Wakazidi kucheka. Mwalimu mwenzangu akaniambia nipumzike, labda malaria inanipanda kichwani. Mpaka nilipoanza kulia ndipo yule binti alipofunga daftari lake, na hata hapo alikuwa ananiangalia kama mgonjwa. Siku zote alizokaa kwetu nilikuwa nalinda mlango wa kile choo kama askari.

Niliogopa zaidi siku ile kuliko siku ya stoo. Nilikuwa nadhani uongo wangu nimeufungia mimi, ufunguo ninao. Kumbe uko mitaani, una mihuri, unafundisha, na ukweli wangu ndio unaoonekana wazimu. Sijui uko shule ngapi. Sijui ni stoo ngapi.

Mkufunzi nimeshamwandikia, nimemwambia kibati kiko kwenye shingo ya pampu, aende akakisome. Nawaandikia na nyie wasomaji kwa sababu yeye ni mmoja na madaftari ni mengi. Kama una jina hilo kwenye notsi zako, chana hiyo karatasi leo. Na wewe mwanachuo uliyekosa kitabu, uliyekuta ubao umejaa, nenda kaseme huna. Pokea hiyo sifuri. Sifuri haimfungii mtoto mlango.

Nestori, hukuwa na kosa la kuamini. Rudi kwenye chaki ukitaka, na kama hutaki, jua tu kwamba komeo nililifunga mimi nikiwa nimekaa.

Na wewe bibi wa Usevya, najua husomi. Namwomba mwalimu yeyote wa huko atakayelishika gazeti hili akusomee hapa mwishoni. Bibi, umengoja miaka minne jibu la mzungu. Jibu ndilo hili. Hakuna mzungu, na hakuna barua niliyoandika mpaka hii. Dawa siijui. Salome alilia kwa sababu ana akili, aliona baba yake alichofanywa, na sisi watu wazima tukamfundisha kwamba kulia ndiko ugonjwa.

Nakuja Jumamosi, kwa lori lile lile linaloniletea salamu zako. Unifanye utakavyo. Mvua ikinikuta njiani, nitakuja hivyo hivyo.